Lisemwalo Lipo? Tafakuri Kuhusu Waya Uliolipuliwa

Waswahili husema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtahadharisha mtu anayepuuza uvumi. Hata hivyo, kuna mahali ambapo hekima hii hupewa mtihani mgumu kuliko ule wa barazani, napo ni maabarani. Huko lisemwalo halipewi heshima ya kuwapo mpaka mtu mwingine, asiyelisema yeye, alitafute kwa mikono yake mwenyewe, ama alikute ama alikose. Mwaka wa 1922, katika Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, lilisemwa jambo zito kuhusu kipande kifupi cha waya mwembamba. Miaka miwili baadaye, katika chuo kikuu hichohicho, jambo hilo lilitafutwa likakosekana. Kisa hiki ni cha fizikia na kemia, lakini kina mengi ya kumfaa mwanafunzi wa lugha na fasihi ambaye kazi yake ya kila siku ni kupima yaliyosemwa na wengine.

Ni vyema kwanza kueleza jaribio lenyewe. Ili waya ulipuliwe kwa umeme, huhitajika vitu vitatu: kapasita, swichi na waya. Kapasita ni ghala la umeme. Hujazwa polepole mpaka ifikie maelfu ya volti, kisha swichi hufungwa na akiba yote ikamwagika kwa mpigo mmoja kupitia waya. Mathalani, kapasita ya mikrofaradi 10 iliyojazwa hadi volti 10,000 huwa na nishati ya jouli 500. Nishati hiyo si ya kutisha hata kidogo. Ikitiwa katika kikombe cha chai, itaongeza joto la chai hiyo kwa nusu digrii na ushei tu, na mnywaji hatatambua lolote. Tofauti imo katika muda. Jouli hizohizo zikipita kwa mikrosekunde 5, yaani sehemu tano za sekunde iliyogawanywa mara milioni, nguvu yake hufikia megawati 100. Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.1 na urefu wa sentimita 5 una uzito wa takriban miligramu tatu na nusu, na jouli zipatazo 20 zinatosha kuugeuza wote kuwa mvuke. Nishati inayosalia hufanya mambo mengine.

Msomaji anayeifahamu fyuzi ya nyumbani anaweza kudhani kuwa haya ni yaleyale. Sivyo. Fyuzi huyeyuka, ikakatika, na matone yake yakadondoka. Waya wa maabarani haupewi hata nafasi ya kudondoka. Hupata joto, huyeyuka na kuchemka kabla metali yenyewe haijawahi kusogea mbali na pale ilipokuwa. Kadiri joto linavyopanda ndivyo ukinzani unavyoongezeka, na metali inapogeuka mvuke mzito, mkondo wa umeme hupungua ghafla; wakati mwingine hukoma kabisa kwa kitambo kifupi mno. Kisha mvuke hutanuka, msongamano wake ukapungua, na umeme ukapata tena njia ya kupita. Hapo ndipo atomu zinapopokonywa elektroni zake na mvuke ukawa kile ambacho wataalamu wa istilahi za Kiswahili wamekiita utegili. Mmweko mweupe hutokea, wimbi la mshtuko likatawanyika pande zote, na sikio likasikia kishindo kama cha mjeledi. Kinachobaki ni vumbi laini la metali kwenye kuta za chombo. Yote haya hupita katika muda ambao jicho haliwezi kuugawa. Jicho huona mwanga tu, na yeyote anayetaka kujua kilichotokea hana budi kutegemea ala: michirizi ya osiloskopu, picha za kasi, miale ya eksirei, na mabaki.

Historia ya jaribio hili ni ndefu. Mwaka wa 1774, Edward Nairne, fundi wa ala za kisayansi jijini London, alichapisha katika jarida la Royal Society maelezo ya majaribio ya umeme aliyoyafanya kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, yakiwemo ya kuharibu nyaya kwa umeme uliohifadhiwa katika mitungi ya kioo. Miaka michache baadaye, Martin van Marum alifanya majaribio kama hayo mjini Haarlem, Uholanzi, kwa mashine kubwa iliyoundwa mwaka wa 1784 kwa ajili ya taasisi ya Teyler. Van Marum alikuwa na swali la manufaa kwa umma: ni metali gani inayofaa zaidi kuyakinga majengo dhidi ya radi? Aliyeyusha nyaya za metali mbalimbali, akazilinganisha, na akachapisha michoro ya madoa ambayo nyaya hizo ziliyaacha juu ya karatasi. Naye Michael Faraday, katika mhadhara wake wa mwaka wa 1857 kuhusu dhahabu na mwanga, alieleza jinsi alivyoulipua waya wa dhahabu karibu na vioo ili apate utando mwembamba wa chembechembe za dhahabu, kisha akachunguza rangi zake. Kwa wote hawa, kishindo hakikuwa lengo. Kila mmoja alikuwa na swali, na jibu lake alilitafuta katika kile kilichobaki baada ya kishindo.

Karne ya ishirini ilileta swali kubwa zaidi. Mwaka wa 1920, John A. Anderson wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Mount Wilson, jimboni California, alichapisha utafiti kuhusu spektra ya nyaya zilizolipuliwa kwa umeme. Alikadiria kuwa joto la mlipuko lilifikia digrii 20,000 hivi, joto linalozidi lile la uso wa jua. Kwa muda mfupi, nyota ilikuwa imewashwa juu ya meza. Fauka ya hayo, kulikuwa na rai ya tangu karne ya kumi na tisa kwamba nyota zenye joto kali zaidi huonyesha elementi nyepesi kwa sababu joto hilo huvunjavunja elementi nzito. Ikiwa rai hiyo ni ya kweli, na ikiwa joto la nyota sasa linapatikana maabarani, basi nini kingemzuia mwanadamu kuivunja atomu nzito kwa waya na kapasita?

Hili ndilo swali lililowashughulisha Gerald Wendt na Clarence Irion katika Chuo Kikuu cha Chicago. Walichagua tungsteni, metali ngumu na nzito inayotumiwa katika balbu za taa. Waya wao haukufika uzito wa miligramu moja. Waliuweka ndani ya tufe la kioo, wakaondoa hewa, wakaulipua, kisha wakaichunguza gesi iliyobaki. Katika spektra ya gesi hiyo waliona dalili ya heliamu. Kwa vile heliamu haikutiwa humo, walielekea kuamini kwamba imetokana na tungsteni yenyewe, yaani atomu nzito imevunjika na vipande vyake kuwa atomu nyepesi. Makala yao yalitoka mwaka wa 1922 katika jarida la chama cha wanakemia wa Marekani. Ikumbukwe kuwa kichwa cha makala hayo kilitaja majaribio ya kuitenganisha tungsteni, hakikutangaza ushindi. Lakini habari ina miguu. Ndoto ya kale ya kugeuza elementi moja kuwa nyingine ilionekana kutimia.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuongeza, kwa kuwa lugha yake ina darubini ya aina yake. Katika mnyambuliko wa vitenzi, kuna umbali mkubwa kati ya "kulipuka" na "kulipuliwa". Kauli ya kutendeka hueleza hali bila kumuuliza mtendaji: waya umelipuka, kana kwamba umeamua wenyewe. Kauli ya kutendwa hufungua mlango wa swali: umelipuliwa na nani, kwa nini na kwa njia gani? Waya haujawahi kulipuka wenyewe. Kuna mtu aliyeijaza kapasita. Vivyo hivyo, mtu anaposema "heliamu ilipatikana", sentensi yake ni sahihi kisarufi na ina kweli ndani yake, lakini imeficha jambo lililokuwa muhimu kuliko yote. Je, heliamu hiyo ilizalishwa na mlipuko, au ilikuwa imejificha ndani ya waya, ndani ya kioo, au katika hewa? Hewa anayoivuta kila mtu ina heliamu kiasi cha sehemu tano hivi katika kila sehemu milioni moja. Ni kiasi kidogo, lakini aliyekuwa akitafutwa Chicago naye alikuwa mdogo. Kitenzi "patikana" kilizichanganya njia zote hizi katika neno moja, na mwanga mkali wa mlipuko ukamsahaulisha msomaji kuuliza.

Aliyeuliza mapema ni Ernest Rutherford, ambaye mwaka wa 1919 alikuwa amechapisha matokeo ya kuvunja viini vya nitrojeni kwa chembe za alfa. Katika barua yake kwa jarida la Nature mwaka uleule wa 1922, aliwaelekeza wasomaji kwenye kitu kilichojulikana tayari. Katika mirija ya eksirei, tungsteni hupigwa na elektroni zilizosukumwa kwa volti 100,000, na haijaonekana ikitoa heliamu. Ikiwa kipigo hicho hakiivunji, joto la digrii 20,000 litaivunjaje? Hoja hii ni rahisi kuifuata kwa hesabu ndogo. Joto la digrii 20,000 huipa chembe moja nishati isiyofika hata elektroni-volti tatu kwa wastani, ilhali chembe za alfa alizozitumia Rutherford zilikuwa na mamilioni ya elektroni-volti. Anayetaka kubomoa kiini cha atomu kwa joto la waya ni sawa na anayetaka kubomoa ngome kwa kuipepea kwa kipepeo cha ukuti.

Pamoja na uzito wake, hoja ya Rutherford ilikuwa hoja tu. Mkubwa amesema, lakini mkubwa pia ni msemaji miongoni mwa wasemaji, naye hakuulipua waya. Ilibidi mtu arudi kwenye meza. Kazi hiyo ilifanywa palepale Chicago na Samuel Allison akishirikiana na mwalimu wake, William Harkins. Allison alizaliwa mwaka wa 1900 na alipata shahada yake ya uzamifu mwaka wa 1923, tasnifu yake ikihusu uthabiti wa atomu chini ya umeme na joto kali. Makala yao yalitoka mwaka wa 1924, katika jarida lilelile lililochapisha madai ya awali, na kichwa chake kilianza kwa neno lenye maana ya kutokuwapo. Waliziharibu nyaya kwa umeme katika ombwe, wakaichunguza gesi iliyobaki, na heliamu haikuwamo.

Huenda msomaji akaona kuwa matokeo haya ni finyu: kijana wa miaka 23 ametafuta kitu na hakukiona. Lakini kutokuona ni aina mbili. Kuna kutokuona kwa asiyetazama, na kuna kutokuona kwa aliyetazama kwa makini mahali ambapo kitu hicho kingekuwapo kama kingekuwapo. Aina ya pili ni maarifa kamili. Aidha, inafaa kutambua kilichomwezesha Allison kuifanya kazi yake. Wendt na Irion waliandika wazi walichokifanya: metali gani, chombo gani, umeme kiasi gani. Waliweka dai lao mahali ambapo lingeweza kuangushwa. Kwa hivyo, hata kuanguka kwake si aibu yao peke yao. Ni sehemu ya heshima yao. Anayestahili lawama ni yule afichaye njia aliyopitia ili asifuatwe.

Rai ya nyota nayo ilipata maelezo mengine. Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, alionyesha mwaka wa 1920 kuwa joto hubadilisha spektra kwa kuzipokonya atomu elektroni zake za nje, bila kugusa viini. Elementi nzito hazikuwa zimevunjika katika nyota zenye joto kali. Zilikuwa zimebadili sauti tu. Kisha mwaka wa 1932, jijini Cambridge, Uingereza, John Cockcroft na Ernest Walton walisukuma protoni kwa volti nyingi hadi zikaipiga lithiamu, na viini vya lithiamu vikagawanyika kuwa viini vya heliamu. Kwa hivyo methali haikushindwa kabisa. Lililosemwa mwaka wa 1922 halikuwapo, lakini lilikuja, tena likaja kwa mlango ambao msemaji hakuutarajia.

Laiti kisa kingekomea hapo, kingekuwa cha kufurahisha tu. Lakini waya mwembamba ulikuwa na safari nyingine. Katika vita vya pili vya dunia, wataalamu waliokusanywa Los Alamos, jimboni New Mexico, walikabiliwa na tatizo la bomu la plutoni. Tufe la plutoni lilipaswa kukandamizwa na baruti kutoka pande zote kwa wakati mmoja, katika sehemu 32, na tofauti ya hata mikrosekunde moja ingeharibu kazi nzima. Viwashio vya kawaida vya baruti vilikuwa na kigugumizi; kimoja kiliwahi, kingine kikachelewa. Luis Alvarez na Lawrence Johnston walipata suluhisho katika jaribio la akina Nairne na Anderson: waya mdogo unaolipuliwa kwa kapasita huanza kazi kwa wakati unaoweza kutegemewa. Alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, huko jangwani, nyaya hizo zililipuliwa kwa pamoja na bomu la kwanza la nyuklia likawaka. Sauti iliyohesabu sekunde kurudi nyuma hadi sufuri ilikuwa ya Samuel Allison, yuleyule aliyezilipua nyaya Chicago ili apime dai la heliamu. Tarehe 9 Agosti, bomu la aina hiyo liliangushwa juu ya mji wa Nagasaki na kuua makumi ya maelfu ya watu.

Hapo ndipo mnyambuliko wa kitenzi unapoacha kuwa zoezi la darasani. Mtu akisema kuwa bomu "lililipuka" Nagasaki, amesimulia tukio kama la radi. Akisema "lililipuliwa", ameiacha nafasi ya mtendaji wazi, na nafasi hiyo lazima ijazwe kwa majina: walioamuru, waliobuni, waliorusha, na aliyehesabu. Allison mwenyewe hakuikwepa nafasi hiyo. Tarehe 1 Septemba 1945, akiwa amerudi Chicago, alizungumza hadharani dhidi ya usiri wa kijeshi, akionya kwamba watafiti wakizuiwa kubadilishana matokeo kwa uhuru, wataiacha atomu na kwenda kuchunguza rangi za mabawa ya vipepeo. Wengine waliichukua kauli hiyo kama mzaha. Lakini mtu aliyewahi kulisahihisha kosa kwa sababu tu lilichapishwa wazi alijua anachokisema. Mahali pa siri, dai la 1922 lingeweza kuishi miaka mingi bila wa kulipinga.

Nyaya bado zinalipuliwa. Mjini Tomsk, Urusi, watafiti wamezitumia kutengeneza unga wa metali wenye chembe ndogo mno. Katika maabara ya Sandia, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, mashine iitwayo Z ilipitisha mkondo wa takriban ampea milioni 20 katika mamia ya nyaya za tungsteni zilizopangwa duara, zikageuka utegili uliokandamizwa katikati na kutoa miale mikali ya eksirei. Vyombo vimekua, lakini sharti ni lilelile: waya hulipuliwa mara moja tu. Hakuna awezaye kuutazama tena waya uleule. Kila anayetaka kuhakikisha hana budi kukata waya mwingine, kuufunga, kuijaza kapasita na kuanza upya.

Hali ya mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ni nyepesi kuliko hiyo, na pengine ndiyo sababu huizembea. Mswada wa kale wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hauteketei kwa kusomwa. Unaweza kufunguliwa tena leo na kesho, ukalinganishwa na nakala nyingine, na msomaji wa pili akaona alichokosea msomaji wa kwanza. Hata hivyo, ni mara ngapi tarehe, jina la mtunzi au tafsiri ya beti hunukuliwa kutoka tasnifu hadi tasnifu bila yeyote kuurudia mswada? Wataalamu wamekadiria enzi ya Fumo Liyongo kwa tofauti ya karne kadhaa. Lakini katika insha nyingi za wanafunzi hutajwa karne moja tu, kwa uhakika, kana kwamba imepimwa. "Imethibitishwa", huandikwa. Imethibitishwa na nani, kwa mswada upi, na nani mwingine aliurudia?

Wanakemia wa Chicago walikuwa tayari kuharibu waya baada ya waya ili kulijibu swali kama hilo. Mwanafunzi wa Kiswahili hatakiwi kuharibu chochote. Anatakiwa kwenda maktabani, kuomba mswada, kuusoma pole pole, na kuandika kwa uwazi alichokiona na asichokiona, ili ajaye baada yake apate pa kuanzia na, ikibidi, pa kumpinga.